Ubani Ndani ya Chupa

Kila alfajiri Mwanaheri aliamshwa mara mbili, kwanza na mwadhini, kisha na bibi yake. Mwadhini aliita kwa sauti nzuri. Bibi Zuena aliita kwa sauti kubwa.

"Wee Mwanaheri! Jua litakukuta kitandani, kwani mwali ni wewe?"

Mwali alikuwapo kweli, lakini hakuwa Mwanaheri. Alikuwa mama yake mdogo, Mwanaasha, aliyekaa ndani akisubiri siku ya kuolewa. Kila siku alisingwa mwili kwa liwa ya msandali na mdalasini, mpaka nyumba nzima ikanukia kama sanduku la nguo za sikukuu. Mwanaheri yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili tu. Wazazi wake walikuwa Kilwa, naye aliletwa Temeke, pembeni mwa Dar es Salaam, akae na bibi yake ili asome. Ilikuwa miaka ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wanatawala Tanganyika, na Temeke ilikuwa na mikorosho mingi kuliko mabomba ya maji.

Ndiyo maana kisima cha Bibi Zuena kilikuwa na sifa. Marehemu mume wake alikichimba uani walipokuwa wachumba bado, na Bibi alipenda kusema kwamba wanaume wengine huleta kanga, wake yeye alileta maji. Tangu kulipopambazuka wanawake wa mtaani waliingia kwa mlango wa uani na madebe vichwani. Bibi hakumtoza mtu kitu. Alichotaka ni habari: nani kajifungua, nani kasafiri, mchele wa sokoni una mawe au hauna. Alikaa juu ya kigoda karibu na kisima akisikiliza na kucheka mpaka mabega yakatikisika. Mwanaheri alikipenda kisima kile kwa sababu alimpenda bibi yake. Aliona wazi kwamba bila kisima, Bibi angebaki peke yake na kigoda chake.

Upande wa juu wa mtaa, nyuma ya uzio wa seng'enge, kulikuwa na bohari ya mafuta. Hapo palikuwa na matangi makubwa ya chuma yenye petroli na mafuta ya taa, na mabomba yaliyofukiwa ardhini. Watoto waliyazoea matangi yale kama walivyoizoea mikorosho. Lakini mwaka ule watu waliokaa karibu na uzio walianza kulalamika kwamba maji ya visima vyao yananuka mafuta ya taa.

Jumatatu moja, Mwalimu Mwinshehe aliingia darasani na mgeni mrefu aliyevaa kaptura nyeupe yenye mkunjo mkali wa pasi.

"Huyu ni Bwana Kamugisha, bwana afya wetu mpya," alisema. "Ametoka Bukoba, hana muda mrefu hapa pwani. Msikilizeni vizuri."

Bwana Kamugisha alichukua chaki, akachora duara kubwa ubaoni. "Hii ni bohari," alisema. Kisha akachora vitone vidogo vidogo chini yake. "Na hivi ni visima vyenu. Mafuta yakivuja juu ya ardhi, mtayaona. Yakivuja chini, hayamwambii mtu. Yanaingia katika maji yaliyo chini ya miguu yetu, na maji hayo hayakai mahali pamoja. Yanatembea polepole kuelekea bondeni. Yanapita kisima hiki, yanakwenda kile. Tukijua visima gani vinanuka, tutajua mafuta yanatoka wapi. Sasa, visima ni vingi, na mimi nina pua moja tu."

Darasa lilicheka, maana pua yenyewe haikuwa ndogo. Bwana Kamugisha alicheka pia. Akawaeleza kazi yao. Kila Jumatatu, mwanafunzi mwenye kisima nyumbani kwao alete chupa moja ya maji. Kisima chenye maji safi kitapakwa chaki ya buluu ubaoni, na chenye harufu kitapakwa chaki nyekundu. Maji ya kutilia shaka yatapelekwa maabara mjini.

"Chupa isuuzwe kwa maji ya kisima chenyewe, kisha ijazwe na kuzibwa," alisema. "Msitie sabuni wala kitu kingine. Nataka maji yalivyo, si mnavyopenda yawe. Mmenielewa?"

"Ndiyo, bwana!" waliitika wote, na Mwanaheri alikuwa mmoja wa walioitika kwa nguvu zaidi.

Jumatatu iliyofuata Mwanaheri alisuuza chupa yake vizuri, akaijaza kama alivyofundishwa. Alipogeuka kutafuta kizibo, chupa haikuwepo. Aliikuta mikononi mwa Bibi Zuena, amemwaga maji yote, ameifunika chupa kichwa chini juu ya chetezo, na moshi wa ubani unaingia ndani taratibu.

"Bibi! Bwana afya kasema tusitie kitu!"

"Nimetia kitu gani? Moshi si kitu," Bibi alijibu. "Tangu nizaliwe sijampa mgeni maji ambayo chombo chake hakijafukizwa. Huyo mtu ametoka Bukoba huko, ati leo mie nimpelekee maji makavu! Atasemaje kwao?"

Mwanaheri aliona hakuna ubaya. Mtungi wao wa maji ya kunywa ulifukizwa vilevile, na maji yake yakawa baridi na yenye harufu nzuri ya ubani. Akaijaza chupa, akaenda nayo shuleni. Bwana Kamugisha alipoinusa, alifumba macho kidogo.

"Naam! Haya ndiyo maji," alisema, na kitone cha Bibi Zuena kikapakwa buluu. Tekla, rafiki wa Mwanaheri, ambaye baba yake alikuwa karani kutoka bara, alimpiga kikumbo cha furaha. Kisima cha kina Tekla, nyumba ya pili kutoka kwa Bibi, nacho kilipata buluu. Walirudi nyumbani wakiruka kamba njia nzima.

Baada ya wiki kadhaa mambo yalibadilika. Asubuhi moja Mwanaheri alivuta ndoo kutoka kisimani, na jua lilipopiga juu ya maji akaona rangi zinateleza, buluu na zambarau na kijani. Zilikuwa rangi nzuri sana. Aliinamisha uso anuse. Maji yalinuka mafuta ya taa.

Alimwaga ndoo haraka kwenye migomba, akavuta nyingine. Nayo ilinuka. Hakukuwa na mtu mwingine uani; wanawake wa alfajiri walikuwa wameshaondoka, na harufu walidhani ni ya madebe yao, ambayo zamani yalikuwa ya mafuta ya taa. Ndani, Mwanaasha alikuwa amejaa mdalasini, na Bibi alikuwa na tumbaku yake ya kunusa. Katika nyumba ile yenye manukato kila kona, hakuna pua iliyokuwa na nafasi ya kunusa kitu kingine. Aliyejua ni Mwanaheri peke yake.

Akafikiria chaki nyekundu. Akafikiria kisima kikifunikwa mbao, harusi ikiwa karibu, na Bibi ameketi juu ya kigoda bila mtu wa kumletea habari. Machozi yalimlengalenga. Ilikuwa Jumatatu, na chupa ilikuwa tayari imesuuzwa. Aliingia jikoni kwa kunyata, akachukua ubani mwingi kuliko kawaida, akaifukiza chupa mwenyewe mpaka moshi ukamjaa hata kwenye nywele.

Shuleni Bwana Kamugisha alinusa, akatabasamu. Buluu tena.

Furaha ya Mwanaheri safari hii haikufika hata mlangoni mwa darasa, kwa sababu chupa iliyofuata ilikuwa ya Tekla, na Bwana Kamugisha alipoinusa alirudisha kichwa nyuma. Nyekundu.

"Pole Tekla," Mwanaheri alisema kwa sauti ndogo.

"Mama atalia," Tekla alijibu. "Mdogo wangu Gaudens anaharisha tangu juzi. Labda ni maji."

Uongo una kazi nyingi, na Mwanaheri alianza kuzijua. Jioni ile Bibi alikunywa chai akakunja uso. "Chai hii mbona inanuka taa? Wee mtoto, umejaza taa ukashika birika bila kunawa!"

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe," alisema Mwanaheri, ambaye hakuwa ameigusa taa siku nzima. Tangu hapo akawa anakwenda kwa siri mpaka kwenye bomba la karibu na soko kuchota maji ya kunywa ya nyumbani, akirudi amechoka, kanga imelowa. Bibi alimsifu kwa kuwa mchapakazi. Sifa zile zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ubaoni nako mambo yalikuwa hayaeleweki. Juu ya kitone cha Bibi Zuena, upande wa bohari, kulikuwa na vitone vyekundu, na chini, upande wa bondeni, vilevile. Katikati, buluu.

"Sasa maji yameruka nyumba?" aliuliza Mwalimu Mwinshehe.

Bwana Kamugisha alijikuna kichwa. "Labda chini pana udongo wa mfinyanzi unaoyazuia. Ninachoona ni kama uvujaji uko sehemu mbili. Mafundi wa bohari wamechimba huku na huku, hawajaona kitu." Kisha uso wake ukang'aa. "Lakini tushukuru! Tuna kisima kimoja salama katikati ya mtaa. Kesho asubuhi nitakwenda kwa huyo bibi nimwombe watu wote wachote kwake mpaka uvujaji upatikane."

 Usiku huo Mwanaheri hakula wali, hata ukoko, ambao siku zote aligombania.

Asubuhi Temeke yote, ama ilionekana hivyo, ilikuwa uani kwa Bibi Zuena. Madebe yalipangwa mpaka barabarani. Bibi alivaa kanga mpya. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akipokea salamu kama yeye ndiye bibi harusi.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba, karibuni, karibuni! Maji si yangu, ni ya Mungu. Yuliana, pita mbele mwanangu, wewe una mtoto mgonjwa."

Yuliana alikuwa mama yake Tekla. Alikuja na Gaudens mgongoni, mtoto mnene kwa kawaida, ila siku hiyo mashavu yalikuwa yamepungua. Bwana Kamugisha, aliyekuwa amefika na baiskeli yake, alimsaidia kuvuta ndoo ya kwanza. Yuliana akatia kata ndani ya ndoo, akamteremsha Gaudens, akaipeleka kata mdomoni mwake. "Kunywa, baba. Haya ni maji mazuri."

"Asinywe!"

Watu wote waligeuka. Mwanaheri alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kichwani.

"Mama Tekla, asinywe! Yananuka! Maji yetu yananuka kama yenu!"

Yuliana aliishusha kata haraka, maji yakamwagika miguuni. Bibi Zuena akainuka polepole kutoka kwenye kigoda.

"Unasema nini, Mwanaheri?"

Ikabidi aseme yote, na mbele ya mtaa mzima. Alieleza kuhusu rangi juu ya maji, kuhusu chupa na chetezo, kuhusu birika la chai na bomba la sokoni. Alilia huku akisema, na kila alipofuta machozi kwa kanga yalikuja mengine. "Niliogopa kisima kitafunikwa," alimaliza. "Niliogopa watu hawatakuja tena kwa Bibi, naye atabaki peke yake."

Bwana Kamugisha alichota maji kwa kiganja, akayanusa. Akakunja uso. Kisha akamtazama Mwanaheri, na sauti yake ikawa ngumu kidogo. "Ubani? Ile harufu nzuri ilikuwa ubani?"

"Ndiyo, bwana."

Bwana Kamugisha alikinusa tena kiganja chake. Halafu akaanza kucheka, kwanza kidogo kidogo, mwishowe akashika baiskeli yake ili asianguke. "Jamani nisameheni! Tangu nihamie pwani, kila nyumba ninayokaribishwa napewa maji yenye harufu ile. Nilidhani ndivyo yalivyo maji ya pwani yakiwa safi kabisa! Nikaona aibu kuuliza, nisionekane mshamba."

Uani pote watu waliangua kicheko. Mama mmoja alikaa chini kabisa. Hata Mwanaasha, ambaye hakutakiwa kuonekana, alisikika akicheka nyuma ya pazia.

Aliyebaki bila kucheka ni Bibi Zuena. Alimwendea mjukuu wake, na Mwanaheri akainamisha kichwa akingojea. Lakini Bibi alimshika mabega.

"Moshi wa kwanza niliutia mie," alisema. "Huo wa pili ni wako, na umefanya vibaya, tena vibaya sana. Mtoto wa watu angekunywa. Mie ningekufa na aibu hiyo." Akatazama kisima chake, kisha madebe yaliyopangwa. Sauti yake ilikatika kidogo. "Jamani, rudini. Hakuna maji hapa."

Bwana Kamugisha aliomba chupa, akaisuuza, akaijaza yeye mwenyewe. Siku ile ile kitone cha Bibi Zuena kilipakwa nyekundu, na mara tu chaki ilipoinuliwa, darasa zima liliona. Sehemu mbili nyekundu zilikuwa zimeungana kuwa njia moja, imenyooka kutoka bondeni mpaka pembe moja ya uzio wa bohari.

"Pale!" alipiga kelele Tekla.

"Pale," alisema Bwana Kamugisha. Wala hakusubiri kengele ya mapumziko. Alipanda baiskeli akaenda. Mafundi walichimba kwenye pembe ile, wakakuta kiungo cha bomba la mafuta ya taa kimeoza kwa kutu, kinadondosha tone baada ya tone mchangani. Bomba likafungwa, kisha likabadilishwa. Mpaka visima vitakapopona, lori la maji lilipangiwa kuja mtaani, na kisima cha Bibi Zuena kikafunikwa mbao kama Mwanaheri alivyoogopa.

Asubuhi ya kwanza ya mbao zile, Bibi alitoa kigoda chake uani kwa mazoea, akakaa. Hakukuwa na mtu. Mwanaheri alimtazama kutoka jikoni na moyo ukamuuma. Akachukua debe aende sokoni.

Hakufika hata barabarani. Alikutana na sauti za nyimbo. Yuliana alikuwa mbele na debe kichwani, maji yakimrukia usoni, na nyuma yake wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja na debe lake, wamejaza kwenye bomba la sokoni. Tekla alikuwa na ndoo ndogo iliyokuwa imemwagika nusu kwa sababu alikuwa anacheza ngoma njiani.

"Hodi kwa Bibi!" aliita Yuliana. "Harusi ina maji! Wee Bibi, ulidhani sie tulikuja kwa ajili ya kisima? Hujasikia ya fundi charahani na mkwe wake!"

"Karibuni! Lete habari!" Bibi alipiga kigelegele ambacho kilisikika mpaka bohari, na mabega yakaanza kutikisika.

Mwanaasha aliolewa kwa maji yale. Pilau ilipikwa, watu wakala wakashiba, na Gaudens, ambaye tumbo lilikuwa limeshatulia, alilala katikati ya ngoma akiwa na mfupa mkononi. Bwana Kamugisha alikaribishwa maji kutoka kwenye mtungi, akayanusa, akauliza kwa sauti kubwa, "Huu ni ubani au ni pwani?" Utani ule ulimfuata mpaka alipohamishwa.

Kila Jumatatu Mwanaheri aliendelea kupeleka chupa. Nyekundu, wiki baada ya wiki. Aliibeba bila kuona haya, na wanafunzi wenzake waliacha kumtania. Masika ilikuja, mvua ikanyesha mfululizo, maji ya ardhini yakatembea na kujisafisha kidogo kidogo. Jumatatu moja Bwana Kamugisha alinusa chupa yake, akainusa tena, akampa Mwalimu Mwinshehe naye anuse.

"Inanuka nini?" aliuliza Mwanaheri kwa hofu.

"Hainuki kitu," alisema bwana afya. "Lakini safari hii pua yangu haitoshi." Chupa ilipelekwa maabara, na majibu yaliporudi yakasema vilevile. Mwanaheri mwenyewe ndiye aliyepewa chaki ya buluu akapake kitone chao.

Jioni ile mbao ziliondolewa. Mtaa mzima ulikuja kutazama, kigoda kikiwa mahali pake. Bibi Zuena alivuta ndoo ya kwanza, akatazama juu ya maji, na hakuona rangi yoyote ila mawingu. Akaufukiza mtungi wake kwa ubani, akaujaza, akampa kila mtu kata ya maji, wa kwanza akiwa Gaudens.

Kisha akamwita mjukuu wake mbele ya wote. "Mwanaheri, maji ya mgeni tutayafukiza, hiyo ni heshima yetu. Lakini mtu akikuuliza ukweli, mpe ukweli mkavu, usiutie moshi. Ule moshi wako ulikuwa wa mapenzi, mie najua. Ungemdhuru mtoto vilevile. Na ukweli ulioniumiza asubuhi ile ndio uliolifichua bomba. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Sasa nenda kaoshe chupa ya Jumatatu."

Mwanaheri aliisuuza chupa kwa maji ya kisima, akaitazama ndani, akaiweka dirishani ikauke, mbali kabisa na chetezo.